Mpindo wa Barazani kwa Bi Mwanamkuu

Mimi Saadiya si mtu wa kushukuru ovyo. Wanaonijua watakwambia, ukinipa embe nitakuuliza kwanza kama lina funza. Lakini yupo mtu mmoja ambaye hata leo, meno yamenitoka na macho hayaoni vizuri, siwezi kumtaja mpaka niseme alhamdulillahi. Naye ni Bi Mwanamkuu, mshona kofia wa Kariakoo, mke wa Ghanim muuza kahawa. Hakuwa mtu mkubwa, na hakuna aliyemwandika popote. Basi acha nimtaje mimi.

Nilifika kwake mwaka wa ishirini na tisa, nimeachwa na mume huko Bagamoyo, mkononi furushi moja na moyoni hasira ya kutosha mji mzima. Nikasimama barazani kuulizia chumba. Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingine za mtaa ule, hatua chache kutoka sokoni: miti na udongo, paa la madebe, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Bi Mwanamkuu alikuwa mkekani anashona kofia. Hakuniuliza nani kaniacha wala kwa nini. Aliitazama miguu yangu ilivyojaa vumbi, akasema, "Chumba kipo. Lakini kaa kwanza ule. Maneno ya chumba hayasemwi na tumbo tupu."

Nikakaa. Nilipoinua kichwa ndipo nilipouona mpindo.

Ulikuwa umening'inia kwenye boriti ya baraza, ndani ya nusu ya debe la mafuta ya taa, mashina yake yakiteremka mpaka kukaribia utosi wa mtu aliyekaa. Majani yake manene, ya pembe tatu, yanang'aa, na kila jani lina ukingo wa rangi ya maziwa kulizunguka lote, kama pindo la kanga. Ndiyo maana mtaa mzima ukauita mpindo. Jina lake la Kizungu, kama lipo, analijua Mzungu aliyeutupa. Maana ulitupwa ule! Ghanim aliuokota jalalani Gerezani, nyuma ya nyumba za wakubwa wa reli, siku mkubwa mmoja alipohamishwa na boi wake akafagia kila kitu. Alikuja nao nyumbani mkono mmoja, mkono wa pili kashika dele lake la kahawa, anatabasamu peke yake njia nzima.

Ghanim alikuwa Mwarabu mwembamba, mpole, sauti yake ndogo kuliko ya vikombe alivyovigonganisha akipita sokoni. Alikuwa na sheria zake za kuutunza. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliupa maji kikombe kimoja, kile kile kidogo cha kahawa. Kimoja tu. "Huyu mgeni maji yake anayo mwilini," alikuwa akisema. "Ukimpa zaidi unamtukana." Tena akisema, "Jani likilegea, ujue lina kiu." Debe alilitoboa matundu chini kwa msumari, maji yasikae. Na kila chipukizi lililotoka kijani kitupu, lisilo na pindo, alilikata akalirusha nyuma ya ukuta wa choo. "Haya yana nguvu kuliko wenzao," aliniambia siku moja. "Ukiyaachia yataumeza mti wote, pindo lipotee."

Hawakujaliwa mtoto, yeye na mkewe. Sisi wapangaji tulijua na hatukusema. Aliyesema alikuwa Bi Sitara.

Huyu Bi Sitara alikaa ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango, shoga yake Bi Mwanamkuu tangu usichana. Kanga sare, harusini pamoja, hata mitawanda yao, vile viatu vya mti, walinunua siku moja duka moja. Mimi sikuwakuta hivyo. Niliyasikia kwa Mwanamize, mpangaji mwenzangu. Mbuzi wa Bi Sitara alipanda barazani akala mashina mawili ya mpindo. Bi Mwanamkuu akamfukuza kwa ufagio. Bi Sitara akatoka kumtetea mbuzi wake, huyu akajibu, yule akajibu, na maneno ukiyaanzisha hayajui pa kusimama. Mwisho Bi Sitara akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Aliyekosa mtoto hulea majani!"

Bi Mwanamkuu aliingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo miaka saba ilipita, wanapishana njiani kila mtu anatazama upande wake. Laiti ningekuwepo mimi! Ningemjibu Bi Sitara jibu la kumlaza na viatu. Lakini ndiyo hivyo, sikuwepo.

Mwaka wa thelathini na mbili, Mfungo Mosi, Idi haijapoa, Ghanim alirudi kutoka sokoni kabla ya adhuhuri. Akaweka dele chini, akasema kifua kinambana. Alasiri tulikuwa tunamlilia. Watu walijaa mpaka njiani. Hata Bi Sitara alikuja, maana msiba hauna ugomvi. Alikaa karibu na mlango, akalia kwa kanga usoni, akaondoka bila kusema na mfiwa.

Bi Mwanamkuu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, chumba cha mbele, na dirisha lake linalotazama baraza limefungwa. Siku ya tatu aliniita.

"Saadiya, chakula mtanipa, kofia nitashona humu humu. Nina la kukuusia moja tu. Mpindo. Siku nitakayotoka eda, nataka kitu cha kwanza kukiona kiwe kile alichokishika yeye kwa mikono yake."

"Bibi, lala usingizi," nikamwambia. "Mpindo ninao mimi."

Nikaapa kwa jina la Mungu, kwa mdomo huu huu. Na sasa sikilizeni jinsi watu wazima wenye akili zao wanavyoweza kuua kitu kwa huruma.

Ijumaa ya kwanza niliupa kikombe kimoja. Nikautazama, nikauona unyonge, nikasema maskini, na wewe umefiwa. Kumpa maji kiumbe hai ni thawabu, nani hajui? Jumamosi nikaongeza kingine, thawabu zimwendee marehemu. Jumapili vilevile. Ikawa kila siku. Nikajiona mtu mwema sana.

Nisilolijua ni kwamba nyumba ile ilikuwa imejaa watu wema. Mwanamize alilima mchicha bonde la Jangwani, na mchicha hunyweshwa asubuhi na jioni. Basi akienda shamba anaumwagilia mpindo, akirudi anaumwagilia. Chumba cha tatu walikaa Aristides, fundi wa karakana ya reli, na mkewe Clotilda, watu wa Kilimanjaro, Wakristo. Clotilda akaupa maji kwa kumhurumia mjane. Aristides akaupa maji kwa sababu kwao migomba hupelekewa mfereji, tena akaukoleza na samadi ya ng'ombe. Alasiri anapita Azzan, muuza kahawa mwenzake marehemu, na ndoo yake ndogo ya kusuuzia vikombe. Anasimama, anasema "Allah amrehemu," anaumiminia yaliyobaki. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Thawabu hazitangazwi.

Masika yakaingia. Nje mvua inamwagika mpaka Jangwani hakupitiki, na sisi huku tunaulowesha mti uliojificha chini ya paa! Debe likawa linadondosha matope barazani, yanawachafulia kanzu wacheza bao. Wakanilalamikia. Na mimi, mwenye akili nyingi, nikachukua udongo wa mfinyanzi nikaziba matundu yote ya Ghanim, moja moja, kwa kidole changu hiki.

Baada ya hapo majani yakaanza kulegea. Nikakumbuka maneno ya marehemu: jani likilegea lina kiu. Nikaongeza maji.

Kila asubuhi nilipompelekea Bi Mwanamkuu uji, aliuliza, "Mpindo wangu haujambo?"

"Haujambo, bibi. Unakusalimu."

Alikuwa ananitazama kidogo, halafu anarudi kwenye kofia yake. Sikuuelewa utazamaji ule.

Mwisho wa masika akaja bwana afya, na kofia yake ngumu na kata yake, anakagua vyombo vyenye maji kwa ajili ya mbu. Alipita uani hakuona kitu. Alipotoka barazani akainua macho, akapanda juu ya kigoda, akachovya kata ndani ya debe. Ikatoka imejaa maji meusi, na viluwiluwi wanacheza ngoma humo.

"Hili nini?" akauliza.

"Ua," nikasema.

"Hili si ua, mama. Hili ni kiwanda cha mbu."

Akaliangusha debe, akalimwaga njiani. Mpindo ukatoka wote kwa pamoja, mizizi imekuwa uji, mashina yanateleza mkononi, harufu yake we acha tu. Aliposikia mwenye nyumba yumo edani, bwana afya aliona haya, akatuonya kwa maneno akaenda zake. Mimi nikabaki nimepiga magoti kwenye matope, nachambua, natafuta japo kipande kizima cha urefu wa kidole. Hakikuwepo.

Jioni ile niliwakusanya wote uani, nikafunga mlango wa nyuma ili sauti isifike chumba cha mbele.

"Nani aliyekuwa anaumwagilia?"

"Mimi, lakini kidogo tu," akasema Mwanamize.

"Mimi kidogo tu," akasema Clotilda.

"Kidogo," akasema Aristides, akitazama viatu vyake. "Na samadi."

Azzan, aliyekuwa amesimama na ndoo yake, akaificha nyuma ya kanzu. Hapo nikajua tulikuwa watano, na kwamba kidogo tu ya watu watano kila siku, kwa miezi mitatu, ni mto. Nilitaka kuwatukana wote. Nikakumbuka yale matundu na kidole changu, nikalia. Zilibaki wiki tatu. Angetoka mama wa watu, aliyenipokea na vumbi la njia miguuni, akute boriti tupu.

Ni Clotilda aliyekuja kunitoa chooni siku ya pili, anapiga ukuta. "Dada Saadiya! Dada Saadiya! Toka uone!" Nyuma ya ukuta, mahali pasipofikiwa na kata ya mtu, juu ya kifusi cha mawe, yale machipukizi ya kijani aliyokuwa akiyarusha Ghanim yalikuwa yameota. Hakuna aliyeyamwagilia, hakuna aliyeyatazama. Yalikuwa yametambaa ukuta mzima, manene, yana afya ya kukera. Mpindo wa Ghanim huo huo, mikono yake hiyo hiyo iliukata. Ila hauna pindo.

Tukayakata mashina marefu saba, nikayapanda kwenye debe jipya, mchanga mwingi, matundu kumi na mawili. Maji nikaupa kikombe kimoja, nikakaa mlangoni na ufagio kumngoja mtu mwema yeyote asogee. Ukashika. Lakini kila nikiutazama naona kijani kitupu. Bi Mwanamkuu haoni vizuri, nikajiambia, kushona kofia kumemharibu macho. Kama ungekuwa na weupe kidogo tu ukingoni.

Ndiyo, nilifanya. Asubuhi ya siku ya kutoka eda nilikoroga chokaa kwenye kifuu, nikatafuna mswaki mpya mpaka ukawa brashi, nikaanza kulipaka jani moja moja ukingo. Clotilda alinishikia debe.

"Dada, hii ni dhambi."

"Kwenu au kwetu?"

"Kote kote."

"Basi tutagawana. Shika vizuri, usitikise."

Bi Mwanamkuu alioga, akavaa kanga mpya nyekundu, akafukizwa udi. Wanawake wakasoma dua. Kisha akashika mkono wangu, tukapita ukumbini pole pole, mpaka barazani. Jua lilimpiga usoni akafumba macho. Alipoyafumbua akautazama mpindo. Akausogelea. Akalishika jani moja kati ya vidole viwili, akalipapasa kama apapasavyo kitambaa dukani, akavitazama vidole. Vyeupe.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie na mswaki wangu.

"Saadiya."

"Labeka, bibi."

"Tangu lini mpindo ukapakwa chokaa kama msikiti?"

Mwanamize alikuwa wa kwanza kucheka, kwa woga. Mimi nikapiga magoti, nikayamwaga yote: kikombe cha thawabu, matundu, mbu, uongo wa kila asubuhi. "Nimekuulia mti wa mumeo," nikasema. "Nifukuze tu. Sina uso wa kukutazama."

"Inuka," akasema. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Mimi na baraza tumetengwa na ukuta wa udongo. Nimekaa nyuma yake miezi minne, kazi yangu ni sindano na masikio. Wewe Saadiya unamwaga kwa kishindo, kama unazima moto. Clotilda anasema 'pole' kwanza ndiyo amimine. Mumewe anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Mwanamize anaongea nao, anauita mchicha. Azzan nasikia vikombe vyake, na kila siku namrudishia dua yake. Nikajiuliza, Mwanamkuu, wewe uliyeambiwa huna wa kulea, hawa wanaokulea ni kina nani? Nililia kwa shukrani kuliko nilivyolia kwa msiba. Na harufu ya kuoza niliisikia kabla ya huyo bwana afya."

"Sasa kwa nini hukusema, bibi?" Nilianza kukasirika, Mungu anisamehe. "Neno moja tu! Mbona kila siku nakuletea uji!"

"Kwa sababu mlikuwa sita."

"Tulikuwa watano."

"Sita," akasema. "Wa sita anakuja baada ya adhana ya alfajiri, nyinyi mnajigeuza vitandani. Anavuka njia na mitawanda. Ile mitawanda naijua, tulinunua siku moja, duka moja. Anapanda barazani, anamimina maji kidogo kidogo, anakaa. Anakaa mpaka kupambazuke, upande ule wa ukuta, nami upande huu. Hasemi kitu. Halafu anaondoka."

Wote tukatazama ng'ambo. Mlango wa Bi Sitara ulikuwa umefungwa.

"Ningewaambia mpindo hautaki maji, mngeacha wote, na yeye angeacha," akasema Bi Mwanamkuu. "Mti Ghanim aliuokota jalalani. Mungu akipenda utaokotwa mwingine, na kumbe ndivyo mlivyofanya. Lakini Sitara ningemwokota wapi?"

Akaniomba kisu. Nikampa. Akakata shina moja refu, akalifuta chokaa kwa ncha ya kanga yake mpya mpaka likabaki kijani kitupu. Akavaa mitawanda. Hatua zake za kwanza nje ya eda hazikwenda kwa ndugu wala kaburini. Zilivuka njia ile, ko, ko, ko, na sisi barazani tumeshikana mikono kama watoto, mimi Saadiya nisiyelia ovyo machozi yananishuka mpaka shingoni.

"Hodi," akasema mlangoni.

Mlango ukafunguka nusu. Bi Sitara alikuwa amesimama nyuma yake, hakuwa ametoka hapo tangu asubuhi, ilionekana. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyokuwa nikimwona kwa mbali.

"Nimekuletea jani," akasema Bi Mwanamkuu. "Tulee wote."

Bi Sitara alifunika uso kwa kiganja. "Mwanamkuu, lile neno langu..."

"Nimeshalisikia, na maji nimeyasikia. Maji yalikuwa mengi zaidi. Pokea, mkono wangu unachoka."

Akalipokea kwa mikono yote miwili. Akaligeuza, akalitazama, akavuta kamasi. Kisha akauliza, sauti ndogo kabisa:

"Nilimwagilie?"

"Thubutu!" akasema Bi Mwanamkuu.